Mfumo wa kuongoza ndege hauna siku ya kukamilika

Mei 8, 2025, Waziri wa Uchukuzi wa Marekani, Sean Duffy, alitangaza kwamba nchi yake itajenga mfumo mpya kabisa wa kuongoza ndege, na kwamba kazi itakuwa imekamilika mwaka 2028 utakapokwisha. Miezi miwili baadaye, sheria iliyosainiwa Julai 4 ilitenga dola bilioni 12.5 kwa ajili hiyo, na mwezi Desemba kampuni ya Peraton ikachaguliwa kuwa msimamizi wa kuunganisha sehemu zote za mradi. Tangu tangazo lile, karibu kila uchambuzi niliousoma umezunguka swali moja: je, 2028 itawezekana? Wenye matumaini wanahesabu rada zilizoagizwa na mkongo uliokwisha kutandazwa. Wenye shaka wanakumbusha miradi iliyokwama. Pande zote mbili zimekubaliana, bila hata kusema, kwamba kazi hii ina mstari wa kumalizia na kinachobishaniwa ni siku ya kuuvuka. Mimi naona kosa limeanzia hapo. Kuongoza ndege ni shughuli isiyosimama hata dakika moja, na sehemu kubwa ya uchakavu tunaouona leo Marekani ulizalishwa na mipango iliyolenga kumaliza badala ya kulenga kuendelea. Kama mpango huu nao utapimwa kwa tarehe ya mwisho tu, unaweza kuifikia tarehe yenyewe na bado ukawarithisha waongoza ndege wa mwaka 2040 tatizo lilelile.

Ili kuelewa kwa nini nasema hivyo, inafaa kukumbuka mfumo huu ulitokea wapi. Juni 30, 1956, ndege mbili za abiria, moja ya TWA na nyingine ya United, ziligongana juu ya Grand Canyon na kuua watu wote 128. Wakati ule sehemu kubwa ya anga ya Marekani haikuwa na rada wala mtu wa kuitazama. Rubani alitegemea macho yake. Msiba huo ulisukuma Bunge kupitisha sheria ya 1958 iliyounda mamlaka ya usafiri wa anga inayojulikana leo kama FAA, na miaka ya 1960 vikajengwa vituo vikubwa vya kuongoza ndege zilizo safarini juu, mbali na viwanja. Majengo hayo mengi bado yanatumika. Chini ya vituo hivyo kuna vyumba vya rada vinavyozipokea ndege zinapokaribia mji na kuzisindikiza zinapoondoka, na mwisho kuna minara inayotoa ruhusa ya kutua na kuruka. Kila ndege hupokezanwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, zaidi ya safari 44,000 kwa siku. Ukitaka kubadilisha chochote ndani ya mnyororo huo, unakibadilisha huku ndege zikiendelea kupita. Ni kazi ya fundi anayebandua mbao za jahazi na kupachika nyingine likiwa katikati ya maji, abiria wamejaa.

Mipango mikubwa ya kuufufua mfumo huu haikuanza juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 FAA ilitoa mpango wa kubadilisha karibu kila kitu kwa takriban miaka kumi, na makadirio yake ya awali yalikuwa kama dola bilioni 12, kiasi ambacho hakitofautiani sana na kilichotengwa safari hii, ingawa dola ya wakati ule ilinunua vingi zaidi. Moyo wa mpango huo ulikuwa mradi wa kompyuta na meza mpya za kazi uliokabidhiwa kwa IBM mwaka 1988. Uliandikwa kama kitu kimoja kikubwa: programu mpya, skrini mpya, meza mpya, vyote viingie pamoja. Mahitaji yakawa yanabadilika kila mwezi, wanaotumia mitambo wakawa wanaulizwa baada ya maamuzi kufanywa, na makadirio ya gharama yakapanda kutoka dola bilioni 2.5 hadi zaidi ya bilioni 7. Mwaka 1994 sehemu zake kubwa zikafutwa. Mwaka uliofuata GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ikauweka mpango mzima wa FAA kwenye orodha ya shughuli za serikali zilizo katika hatari kubwa, na haukuondolewa humo hadi 2009.

Kisha ikaja NextGen, mpango mwingine mkubwa wa kuufufua mfumo huu. Desemba 2003 ilisainiwa sheria iliyounda ofisi ya pamoja ya mipango, ikizikutanisha FAA, NASA, wizara ya ulinzi na taasisi nyingine, iandae anga ya mwaka 2025. Kwa maana ya kutazama mbali, huo ulikuwa mpango wa muda mrefu kweli: miaka zaidi ya ishirini, setilaiti badala ya rada, ujumbe wa maandishi badala ya sauti, njia za angani zilizonyooka zaidi. Lakini ofisi iliyoandika maono haikuwa na mamlaka juu ya bajeti za wanaotakiwa kuyatekeleza, na mwaka 2014 ikafungwa. Mwaka 2024 Bunge likaagiza kwamba ofisi ya NextGen ndani ya FAA nayo ifikie kikomo mwisho wa 2025. Mkaguzi mkuu wa Idara ya Uchukuzi alipopiga hesabu, alikuta zaidi ya dola bilioni 15 zimetumika na faida iliyopatikana ni takriban asilimia 16 ya ile iliyotarajiwa. Watu wengi husoma takwimu hiyo na kusema NextGen ilikuwa ndoto. Mimi naisoma tofauti kidogo. Maono yalikuwa mazuri, na baadhi ya vipande vyake vinafanya kazi vizuri leo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyashikilia maono hayo kila mwaka bajeti inapokatwa, kila kiongozi anapobadilishwa, kila uchaguzi unapopita.

Sasa, wanaoushangilia mpango wa 2025 wana hoja nzito, na sitaki kuipitia juujuu. Mitambo kweli ni mizee. Septemba 2024 GAO iliripoti kwamba kati ya mifumo 138 inayotumika kuongoza ndege, 51 haiwezi tena kudumishwa na mingine 54 inaelekea huko. Baadhi ya ile mibovu zaidi ilikuwa imepangiwa mbadala baada ya miaka sita hadi kumi au zaidi. Januari 11, 2023, mfumo unaotoa taarifa za tahadhari kwa marubani uliharibika, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba 11, 2001, safari za kuondoka zikasimamishwa nchi nzima. Simu na data za rada bado zinapita kwenye nyaya za shaba ambazo kampuni za simu hazitaki tena kuzihudumia. Disketi hazijaisha. Mtu anayeona haya akasema tusubiri tena mpango wa polepole anastahili kuulizwa maswali magumu. Mpango wa Duffy unataja mkongo, mawasiliano yasiyotumia waya na setilaiti kwenye maeneo zaidi ya 4,600, redio mpya 25,000, rada 618 na vituo vipya sita vya kuongoza ndege. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ilitakiwa kufanyika miaka kumi iliyopita, na fedha za mkupuo ni kitu ambacho FAA haikuwahi kukipata kwa urahisi.

Hata hivyo, tazama kwa makini tukio lililogeuzwa kuwa alama ya uchakavu, lile la Newark, uwanja wa ndege ulio karibu na jiji la New York. Aprili 28, 2025, waongoza ndege wanaosimamia ndege zinazoingia na kutoka uwanja huo walipoteza rada na redio kwa takriban sekunde 90. Ndege zikawa angani, skrini zimezimika, hakuna sauti. Baadhi yao walichukua likizo ya kupona mshtuko, na uwanja ukapunguziwa safari kwa wiki kadhaa. Vyombo vya habari vilisema waya wa shaba ndio uliosababisha, na waya ulihusika kweli. Lakini kwa nini data za anga ya Newark zilikuwa zinasafiri umbali ule? Kwa sababu Julai 2024 kazi hiyo ilihamishwa kutoka New York kwenda Philadelphia, na ilihamishwa kwa kuwa kituo cha New York kilikuwa hakina watu wa kutosha. Data zikaendelea kutoka New York, zikawa zinapelekwa Philadelphia kwa laini. Upungufu wa watu ulizaa uamuzi wa kuhama, na kuhama kukaning'iniza anga yenye shughuli nyingi kuliko karibu zote duniani kwenye laini dhaifu. Mkongo mpya ulipowekwa katikati ya 2025 hali ilitengemaa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Ila anayehitimisha kwamba Newark ilikuwa shida ya waya amesoma nusu ya hadithi. Mpango unaonunua waya bila kupanga watu utatengeneza Newark nyingine mahali pengine, ikiwa na vifaa vipya.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule usiozungumzwa sana. Vituo vikubwa vya FAA vilikuwa vikitumia kompyuta kuu ambayo programu yake ilikuwa na mizizi katika miaka ya 1960 na 1970. Mbadala wake, uitwao ERAM, ulipangwa kuwa tayari nchi nzima mwisho wa 2010. Ulipoanza kujaribiwa Salt Lake City na Seattle, ulivuruga mambo: data za ndege moja zilijitokeza kwenye ndege nyingine, na waongoza ndege wakalazimika kurudi kwenye mfumo wa zamani. Mahitaji yalikuwa yameandikwa bila kuwashirikisha vya kutosha wale wanaokaa mbele ya skrini. FAA ikafanya jambo la busara: ikaleta chama cha waongoza ndege ndani ya kazi, ikawapa nafasi ya kuorodhesha kasoro na kuzipanga kwa uzito, ikasonga kituo kimoja baada ya kingine. Machi 2015 kazi ikakamilika katika vituo vyote ishirini, ikiwa imechelewa zaidi ya miaka minne na imezidi bajeti kwa mamia ya mamilioni ya dola. Kwa kipimo cha tarehe, ERAM ilishindwa. Kwa kipimo cha kazi, ndiyo imebeba anga ya Marekani tangu hapo, na imekuwa ikiboreshwa hatua kwa hatua. Mfumo wa ujumbe wa maandishi kati ya mnara na rubani ulifuata njia hiyohiyo ya vipande vidogo na ushirikishwaji, na uliingia minarani kabla ya muda uliopangwa. Hiyo ni elimu ambayo FAA imeilipia ghali, na sioni sababu ya kuitupa kwa ajili ya kasi.

Niliwahi kuruhusiwa kuketi nyuma ya mwongoza ndege akiwa kazini. Nilichokumbuka baadaye ni mkono wake kuliko skrini: kila alipotoa agizo, alisogeza kijikaratasi kimoja kidogo chenye maelezo ya ndege husika, akakiinamisha upande, au akakipa mwenzake. Kijikaratasi kile kilikuwa kumbukumbu yake ya nje, ahadi aliyoitoa kwa rubani na bado hajaitimiza. Leo vijikaratasi hivyo vinatajwa kila mahali kama ushahidi wa aibu, na ni kweli kwamba vinapaswa kuondoka, kwa kuwa karatasi haiwezi kupeleka taarifa mnara wa pili. Lakini mradi wa 1988 ulikwama kwa sehemu hapohapo, kwenye namna ya kuhamishia vijikaratasi kwenye skrini. Aliyeandika mahitaji aliona karatasi. Hakuona kazi ambayo karatasi ilikuwa inafanya ndani ya kichwa cha mtu. Mpangaji wa muda mrefu lazima ajue tofauti hiyo kabla hajaagiza kifaa.

Kuna upande mwingine ambao karibu haupo kwenye mjadala, nao ni kuzima vya zamani. Katika miaka hii yote Marekani imekuwa hodari wa kuongeza na mzito wa kuondoa. Mfumo wa ADS-B, ambao ndege hutangaza yenyewe mahali ilipo kwa kutumia setilaiti, ulifanywa wa lazima kwenye sehemu kubwa ya anga yenye shughuli kuanzia Januari 1, 2020, miaka kumi baada ya kanuni kutolewa. Mojawapo ya ahadi zake ilikuwa kupunguza rada. Rada nyingi bado zipo, na mpango mpya unataka zinunuliwe mpya. Je, huo ni uzembe? Si kabisa, na hapa inabidi tuwe waangalifu. Miaka ya karibuni mawimbi ya setilaiti yamekuwa yakivurugwa makusudi ndani na karibu ya maeneo yenye vita, kuanzia Baltiki hadi mashariki ya Mediterania, na ndege za abiria zimejikuta zikionyesha mahali ambapo hazipo. Nchi iliyotupa rada zake zote ingekuwa kipofu siku hiyo. Kubaki na njia ya akiba ni uamuzi halali, mradi uwe umeamuliwa. FAA ilifanya hivyo vizuri kwa vituo vya redio vya ardhini vinavyoitwa VOR: ilitamka mapema kwamba itapunguza kutoka takriban 900 hadi chini ya 600, ikaeleza vitakavyobaki ni vipi na kwa nini, yaani ndege iliyopoteza setilaiti iweze kufika salama kwenye uwanja fulani. Kila kifaa kilichomo kwenye mpango wa 2028 kingepaswa kuwa na maelezo ya namna hiyo: kinachukua nafasi ya nini, kile cha zamani kitazimwa lini, na kama hakizimwi, nani ataendelea kukilipia. Bila hivyo, mafundi walewale watabeba mizigo miwili, na sehemu kubwa ya fedha za kila mwaka itaendelea kumezwa na matengenezo kama ilivyo sasa.

Wapo wanaosema tatizo la msingi ni umiliki, kwamba kazi hii iondolewe serikalini. Hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Kanada ilifanya hivyo Novemba 1, 1996, ikaikabidhi Nav Canada, shirika lisilo la faida linaloendeshwa kwa ada za watumiaji na linaloweza kukopa kwa hati fungani. Shirika hilo halisubiri Bunge kila mwaka kujua kama litanunua redio. Ukilinganisha na FAA, ambayo bajeti yake ya mitambo ilikaa karibu dola bilioni 3 kwa mwaka kwa zaidi ya muongo huku gharama zikipanda, unaona wivu unatoka wapi. Lakini wanaposonga mbele na kudai kwamba umiliki wenyewe unaleta mitambo bora, hapo siwafuati. Uingereza ilibinafsisha sehemu ya huduma yake mwaka 2001, na Agosti 28, 2023, mfumo wa shirika lake la NATS ulisimama kwa saa kadhaa na kuathiri safari za watu zaidi ya 700,000, kwa sababu mpango mmoja wa safari ulikuwa na vituo viwili vyenye jina moja la kifupi, kimoja Marekani na kingine Ufaransa, na programu haikujua la kufanya. Wala sheria za manunuzi za serikali haziwezi kubeba lawama yote: FAA iliondolewa kwenye sheria hizo, na kwenye sehemu kubwa ya kanuni za utumishi, tangu 1996, na bado ERAM ilichelewa. Kinachofaa kuigwa kutoka Kanada ni mkondo wa fedha usiokatika. Bunge lingeweza kuutoa bila kuuza chochote kama lingekubali kupitisha bajeti ya mitambo kwa miaka mingi mfululizo. Pendekezo la kubadilisha umiliki lilifikishwa mbele ya Bunge mwaka 2016 na tena 2017 na halikupita, kwa hiyo anayelingoja kama suluhisho anapoteza muda wa kuzungumzia hili la fedha.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema akili mnemba itachukua kazi, hivyo hakuna haja ya kusumbuka na idadi ya waongoza ndege. Nasema ni dhaifu kwa sababu inachanganya sehemu rahisi ya kazi na sehemu ngumu. Kutenganisha ndege mbili katika hali ya hewa nzuri ni hesabu, na kompyuta za vituo tayari zinaonya pale njia mbili zinapoelekea kukutana. Ugumu huja radi zinapofunga nusu ya njia za kuingia mjini, rubani mmoja anasema ana mgonjwa, mwingine hasikiki vizuri redioni, na uwanja umegeuza mwelekeo wa kutua. Pale mwongoza ndege anajadiliana, anasoma sauti ya mtu, anaamua nani asubiri. Mfumo wa kujiendesha unaoweza kubeba hayo ungepaswa kuthibitishwa kwa kiwango cha usalama ambacho usafiri wa anga umejiwekea, na uthibitisho wa aina hiyo kwa programu zinazojifunza zenyewe bado haujapatikana njia yake. Zaidi ya hapo, siku mtambo unapozimika, kama ulivyozimika Newark, anayebaki ni mtu, na mtu huyo atahitaji kuwa amezoea kazi. Zana za kumsaidia mwongoza ndege zinakaribishwa. Kupanga bajeti ya watu kwa kutegemea zana ambazo hazijazaliwa ni kucheza na maisha ya abiria.

Na watu ndio kipengele kinachohitaji mtazamo wa mbali kuliko vyote. Rada unaweza kuiagiza na kuipata baada ya miaka miwili. Mwongoza ndege wa FAA anapaswa kuajiriwa kabla hajatimiza miaka 31, anapitia chuo cha Oklahoma City, kisha hufundishwa kwenye kituo chake kwa miaka miwili, mitatu au zaidi kabla hajaachiwa afanye kazi peke yake, na akifika miaka 56 lazima aache. Ina maana idadi ya leo iliamuliwa miaka mingi nyuma. Agosti 1981 Rais Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na waliochukua nafasi zao waliajiriwa kwa wimbi moja. Wimbi moja la kuajiriwa linakuwa wimbi moja la kustaafu, na hilo ndilo lililotokea kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Kisha mafunzo yakakatizwa na upunguzaji wa bajeti wa 2013, na kufungwa kwa serikali mwishoni mwa 2018, na janga la Uviko mwaka 2020. Oktoba na Novemba 2025, serikali ilipofungwa kwa siku 43, waongoza ndege walifanya kazi bila mshahara, na FAA ikalazimika kuagiza safari zipunguzwe kwenye viwanja 40. Hakuna mkongo wala rada inayoweza kufidia hilo. Mwaka uleule taifa lilipoahidi mfumo bora kuliko wote duniani, lilishindwa kuwalipa wanaouendesha.

Kipande kingine cha mpango kipo nje kabisa ya mikono ya FAA: ndani ya ndege zenyewe. Teknolojia nyingi za anga hazina maana mpaka ndege nyingi ziwe nayo, na kila shirika lina sababu ya kungoja wengine watangulie kulipa. Januari 29, 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana karibu na uwanja wa Reagan jijini Washington na kuua watu 67. Helikopta haikuwa inatangaza mahali ilipo kwa ADS-B, na ndege ya abiria haikuwa na kifaa cha kupokea matangazo hayo moja kwa moja, ingawa bodi ya uchunguzi wa ajali ilikuwa imekipendekeza kwa miaka mingi. Miundombinu ya ardhini ilikuwa imekamilika tangu 2014. Hapa hata fedha mara mbili ya bilioni 12.5 zisingesaidia, kwa kuwa kilichopungua ni kanuni yenye tarehe, uamuzi wa nani analipia, na mwisho wa misamaha ya kijeshi isiyo na mipaka. Mpango unaohesabu minara na redio tu unaacha nusu ya mfumo ikiruka bila kupangiwa chochote.

Kwa hiyo ninapotazama 2028, siombi mradi ushindwe. Natamani mkongo ufike kila kituo hata kabla ya tarehe. Ninachotaka kuona sambamba na ripoti za vifaa vilivyofungwa ni ripoti ya vilivyozimwa, ya wanafunzi walioingia chuoni kila mwaka bila kuruka mwaka, na ya ndege zilizofungwa vifaa vya kupokea. Duffy mwenyewe amesema zinahitajika takriban dola bilioni 20 zaidi ili kumaliza kazi, na Bunge litajadili kama lizitoe. Wabunge wanaweza kuzitoa kama mkupuo wa pili, wapige picha na kuondoka, au wanaweza kuzigawa kwa kipindi cha miaka kumi na tano na kuzifunga kisheria zisiguswe serikali inapofungwa. Vifaa vya mawasiliano vinavyofungwa sasa kwenye maeneo yale 4,600 vitaanza kuchoka kabla ya 2040. Kijana wa miaka 24 anayeingia chuo cha Oklahoma City mwaka huu bado atakuwa kazini wakati huo, akiwa na zaidi ya miaka kumi na mitano mbele yake kabla ya kustaafu. Bajeti ya kwanza baada ya uzinduzi, ile ya mwaka 2029, ndiyo nitakayoifungua kwanza, kutafuta kama kuna fungu lenye jina lake la kuanza kuvibadilisha.